Barua ya wazi kwa Bodi ya Wakurugenzi: Akili mnemba ije, lakini ije na mwenye dhamana

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Idara ya Mikopo, Mkuu wa Idara ya TEHAMA

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MATUMIZI YA AKILI MNEMBA KATIKA KUTOA MIKOPO NA KUHUDUMIA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni meneja wa tawi katika kampuni yetu ya mikopo midogo, mkoani Morogoro. Naandika hadharani baada ya njia za ndani kugonga mwamba. Hoja hizi nilizipeleka kwa meneja wa kanda, zikapanda hadi makao makuu, zikaguswa kwenye kikao cha mameneja, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: suala linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, wateja wanaendelea kukataliwa na mfumo wa akili mnemba (AI) ambao hakuna hata mmoja wetu anayeweza kueleza umewakataa kwa nini. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa nia yangu ni turekebishe. Najua pia kwamba mameneja wengi wa mikopo, bima na usambazaji nchini wakisoma hapa wataona ofisi zao.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: akili mnemba naitaka. Ofisa mikopo wangu anajaza taarifa za mteja mmoja kwenye fomu ya karatasi, anaziingiza tena kwenye mfumo, anazirudia kwenye jedwali la Excel linalotumwa kanda kila Ijumaa, kisha anakaa na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita akitenga kwa kalamu fedha za biashara na zile ndugu walizotumiana. Kazi hiyo ya kunakili na kuchambua ndiyo inayomweka ofisini siku ambayo angekuwa sokoni kwa wateja. Mashine inaiweza, tena kwa usalama, maana ikikosea ofisa anaona na kusahihisha. Makao makuu hayakuanzia hapo. Yalianzia kwenye uamuzi mzito kuliko yote tulio nao, wa nani apewe mkopo na nani anyimwe, na kwenye kauli ya kampuni mbele ya mteja wake.

Hoja zangu ni hizi.

1. Chombo kilinunuliwa kabla ya tatizo kutajwa

Tuliitwa kwenye semina, tukaonyeshwa slaidi za mzabuni, tukaambiwa kampuni inaingia kwenye akili mnemba. Niliuliza tunataka kupunguza nini. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa inavyopaswa? Siku za kusubiri tangu mteja aombe hadi fedha ziingie kwenye simu yake? Gharama ya ofisa kumfuata mteja kijijini? Sikujibiwa, na mpaka leo hakuna waraka unaoonyesha hali ilikuwaje kabla ya mfumo. Mwakani Bodi ikiuliza kama fedha zile zimezaa, hatutakuwa na cha kulinganisha.

Tatizo la tawi langu linajulikana. Wateja wetu wengi wa upande wa Kilombero wanalima mpunga. Fedha wanazihitaji mwanzo wa msimu, wanavuna katikati ya mwaka, nasi tunawapangia rejesho la kila mwezi kana kwamba wana mshahara. Ucheleweshaji unazaliwa hapo. Mashine ya kutabiri nani atachelewa itatuambia kila mwaka kwamba mkulima wa mpunga ni hatari, na itakuwa inasema kweli kwa mujibu wa kumbukumbu tulizoilisha, huku kosa likiwa kwenye ratiba tuliyoipanga wenyewe. Ratiba inarekebishwa kwa kikao cha siku moja na haihitaji leseni ya mfumo wowote.

Mfano wa kuiga tunao Afrika Mashariki hii hii. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa mkopaji wa taasisi ya mikopo midogo apokee mkopo na kurejesha kwa simu. Ikajaribiwa kwa wateja wachache wa Nairobi na Thika, wahusika wakakaa wakatazama watu wanaitumiaje. Wakaona wateja wanatumiana fedha wao kwa wao, kwa mambo yasiyohusiana na mkopo kabisa. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Wenye mamlaka walikubali mpango wao ubadilishwe na kile walichokiona kwa mtumiaji. Sisi tumeuwasha mfumo kwenye matawi yote siku moja, na fomu ya maoni ya mameneja ikaja baadaye.

2. Mteja anakataliwa na hakuna anayejua sababu

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, naomba Bodi iipe muda.

Mfumo unachukua historia ya miamala ya simu, umri, eneo na mikopo ya nyuma, unatoa rangi: kijani, njano au nyekundu. Ikitoka nyekundu ombi linafungwa, na meneja hana kitufe cha kulifungua.

Kuna mama anauza mchele. Amekopa kwetu akamaliza, akakopa zaidi akamaliza, ofisa hajawahi kumpigia simu kumkumbusha rejesho. Alikuja kuomba mtaji wa kununua magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Nyekundu. Nilipokaa naye na karatasi zake ndipo nikaelewa. Laini anayopokelea fedha imesajiliwa kwa jina la mume wake, na yenye jina lake haina miamala ya maana. Wanunuzi wake wengi wanalipa taslimu. Akiba yake iko kwenye kikoba, na ushahidi ni daftari dogo la hisa lililochakaa pembe, kila wiki na mihuri yake, ukurasa kwa ukurasa, hakuna wiki iliyorukwa. Ofisa mikopo yeyote mzoefu akilishika daftari lile anajua amekutana na mlipaji. Kwenye mfumo hakuna mahali pa kuliingiza.

Nilichokuwa nacho cha kumwambia ni kwamba mfumo umekataa. Akaniuliza, "Sasa meneja, huo mfumo ndio unanifahamu kuliko nyie?"

Baadaye nilisikia amechukua fedha kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya. Benki Kuu ilipotangaza Novemba 2024 majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazoendeshwa bila leseni, sikuhitaji kuuliza wanapata wapi wateja. Baadhi tunawapelekea sisi, watu wazuri tuliowalea kwa miaka, tukiwafungia mlango bila neno.

Tunaambiwa mfumo utajifunza wenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Wajumbe, naomba mlipime jambo hili, kwa sababu makosa mengi yamejificha humo. Mfumo unajifunza kutoka kwa waliopewa mkopo: nani alilipa, nani alichelewa. Aliyenyimwa haonekani tena popote. Hakuna rejesho lake litakaloingia kuonyesha kwamba angelipa vizuri. Kwa hiyo mfumo ukiwakosea wauza mchele wote wa Morogoro, hakuna kitu kitakachokuja kuusahihisha, na ripoti itakayofika mezani kwenu itaonyesha mikopo chechefu imepungua na kila mtu atapongezwa. Walioondoka hawamo kwenye ripoti.

Hili limewahi kuwapata wenye uwezo kuliko sisi. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba Amazon iliachana na programu ya kuchuja waomba kazi, kwa kuwa ilifunzwa kwa wasifu wa waombaji wa miaka 10 ya nyuma, wengi wao wanaume, ikajifunza kuwashusha wanawake. Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo, ilifuata tu yale yaliyokuwepo. Mfumo wetu umefunzwa kwa wakopaji gani, wa nchi gani, wa miaka gani? Nimeuliza, nikaambiwa ni siri ya biashara ya mzabuni. Mimi naona siri inayoamua riziki ya mteja wetu haiwezi kuwa ya mzabuni peke yake.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mwenye taarifa haki zake pale uamuzi unaomgusa unapofanywa na mashine peke yake. Wenzetu wa Kenya wameweka haki ya namna hiyo katika kifungu cha 35 cha sheria yao ya mwaka 2019. Yule mama akipata mtu wa kumweleza haya, akaja na barua, nani kati yetu ataijibu?

3. Roboti inayosema kwa jina letu

Namba yetu ya WhatsApp sasa inajibiwa na roboti. Nanukuu meseji ya mteja, ambaye ameniruhusu: "Habari zenu jamani, rejesho la mwezi huu litachelewa mtoto kalazwa, naomba mniongezee siku kumi." Roboti ilimjibu: "Hongera! Ili kuongezewa mkopo, tafadhali andika kiasi unachohitaji." Mtu ana mgonjwa wodini, anaomba siku, anapongezwa na kuuziwa deni jipya. Alikuja tawini siku ya pili akidhani tunamdhihaki.

Wateja wetu hawaandiki Kiswahili cha kitabuni. Wanaandika "cjapata", "xaxa", "ntalipa nkiuza", wanachanganya lugha ya mtaani na ya nyumbani, wanatuma sauti badala ya maandishi. Maofisa mikopo wanayasoma haya kila siku na wanayaelewa bila kufikiri. Hakuna hata mmoja aliyeombwa kuijaribu roboti kabla haijawashwa.

Wapo watakaosema hayo ni makosa madogo ya mwanzo. Novemba 2022 abiria wa Air Canada aliyefiwa na bibi yake aliiuliza roboti ya kampuni hiyo, ikamwambia anunue tiketi kisha aombe punguzo la msiba ndani ya siku 90. Alipoomba, kampuni ikamkatalia kwamba utaratibu hauko hivyo. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, liliamuru alipwe. Kampuni ilikuwa imejitetea kwamba roboti inawajibika kwa maneno yake yenyewe, na utetezi huo ukatupwa. Roboti yetu ikimwahidi mteja siku kumi, tumemwahidi sisi. Ikimtisha, tumemtisha sisi.

Hata hesabu ya kuokoa mishahara ina upande wa pili. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kwamba roboti yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba kubana gharama kulishusha ubora, na kampuni ikarudi kuajiri watu wa kuongea na wateja. Sisi tumewaacha wahudumu wetu waondoke mikataba ilipoisha. Wale waliokuwa wanaitambua sauti ya mteja kabla hajajitambulisha wako majumbani sasa.

4. Taarifa za wateja zinatoka nje ya nyumba

Waraka wa makao makuu ulisema wafanyakazi "watumie AI kuongeza ufanisi", ukaishia hapo. Vijana wakatii. Wanabandika taarifa za miamala, namba za NIDA na picha za vitambulisho kwenye programu za bure ili zifupishiwe. Siwalaumu, hawakupewa chombo kingine wala mpaka. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa programu za kampuni kwenye ChatGPT, na kampuni ikapiga marufuku matumizi hayo. Wao walikuwa na cha kuzuia. Sisi hatuna hata ukurasa mmoja unaosema kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikija kukagua haitamuuliza ofisa wa miaka 24, itaiuliza Bodi.

5. Wajibu umebaki bila mwenyewe

Mkopo wa kijani ukiharibika, barua ya onyo inaandikwa kwangu. Mteja mwema wa nyekundu akipotea, hakuna anayeandikiwa. Idara ya Mikopo inasema mfumo ni wa TEHAMA, TEHAMA inasema vigezo ni vya mzabuni, mzabuni anasema yeye hutoa alama tu na uamuzi ni wa kampuni. Nimeuzunguka mduara huo hadi nikachoka. Meneja hawezi kuongoza kazi ambayo lawama ni zake na uamuzi si wake.

Najua nitajibiwa nini.

Nitaambiwa washindani wametutangulia. Waliotangulia wapo, na baadhi wameanguka mbele yetu tukiona. Zillow, kampuni ya nyumba ya mtandaoni ya Marekani, ilikuwa na data za nyumba kuliko karibu kampuni yoyote, ikaiachia mashine ikadirie bei za nyumba ilizokuwa ikinunua. Novemba 2021 ilitangaza kufunga biashara hiyo na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi. Nguvu yetu sokoni ni maofisa wanaojua mtaa kwa mtaa. Mshindani akija na mfumo kama wetu atakuwa ameununua kwa mzabuni kama wetu, lakini maofisa wale hawezi kuwanunua.

Nitaambiwa mkataba umesainiwa na fedha zimelipwa. Basi tuusome tena mkataba. Tuone kama unatupa haki ya kujua vigezo, kama data za wateja wetu zinabaki mali yetu tukiachana, na kama mzabuni anawajibika kwa lolote. Yale yasiyomo yadaiwe wakati wa kuhuisha. Fedha iliyokwisha kulipwa haihalalishi nyingine kuifuata.

Nitaambiwa mameneja wa matawi tunaogopa kupoteza vyeo. Hili limeniuma, kwa sababu ndilo lililonyamazisha wengi kwenye kikao. Anayesema hivyo aje tawini wiki moja, akae dirishani, awaambie yeye wateja kwamba mfumo umekataa.

Kwa hiyo naiomba Bodi, kabla ya kikao cha kupitisha bajeti ijayo, iamue yafuatayo:

(a) Nyekundu isifunge ombi. Iwe tahadhari kwa meneja, ambaye atakubaliana nayo au ataitengua kwa sababu za maandishi. Maamuzi yote mawili, wa mfumo na wa mtu, yatunzwe, na mzunguko wa mkopo ukiisha tulinganishe nani aliona vizuri zaidi. Mfumo ukinishinda kwa ushahidi huo nitaufuata na kuutetea.

(b) Tuchague tatizo moja na matawi mawili. Napendekeza kazi ya karatasi: kusoma taarifa za miamala na kujaza fomu. Tupime kwanza sasa hivi ombi linachukua siku ngapi, kisha tuwashe, kisha tupime tena. Saa zitakazookolewa ziende kwenye kutembelea wateja, na hilo liandikwe, ili maofisa wasione wanafundisha mashine kuwaondoa kazini.

(c) Ateuliwe mtu mmoja wa ngazi ya ukurugenzi mwenye dhamana ya akili mnemba yote katika kampuni, anayeripoti kwenu kila robo mwaka, akiwa na mamlaka ya kuizima ikibidi. Jina lake tulijue.

(d) Roboti ya WhatsApp ibaki kwenye mambo mepesi kama salio, tarehe za marejesho na mahali tawi lilipo. Mteja akitaja ugonjwa, msiba, kuchelewa au malalamiko, apokelewe na mtu. Na kabla ya kuongezewa kazi yoyote, maofisa mikopo waijaribu kwa Kiswahili cha wateja wao.

(e) Sera ya taarifa za wateja iandikwe kwa Kiswahili, kurasa chache, isomwe na kila mfanyakazi, pamoja na chombo kimoja cha kulipia chenye mkataba wa kulinda data. Kubandika taarifa za wateja kwenye programu za bure kusimame leo, bila kusubiri sera.

(f) Kila mteja anayenyimwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na aelekezwe pa kukata rufaa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi kuliko zilizokwisha kutumika, na la kwanza linahitaji barua moja tu ya Mkurugenzi Mtendaji.

Ninalitoa tawi langu liwe la majaribio, na nimeshaongea na maofisa wangu, wako tayari. Orodha ya maombi yaliyofungwa kwa nyekundu, pamoja na historia ya marejesho ya kila mwombaji, ninayo ofisini, majina yakiwa yameondolewa. Nitaileta mbele ya Bodi siku yoyote nitakayopangiwa.

Wenu katika ujenzi wa kampuni,

Meneja wa Tawi
Morogoro